Siku Dishi la Wifi Lilipong'aa

Ukimtaka wifi yangu saa sita mchana, utamngoja. Msibani alifika baada ya saa sita, hospitali kumjulia hali mgonjwa baada ya saa sita. Hata kwenye harusi yangu, yeye dada wa bwana harusi, aliingia wageni wameshashiba. Ndiyo maana watu walimwita Mama Adhuhuri.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza jua. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na kwa hesabu hakuna aliyenipita, lakini nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka hadi nikashika mlango.

"Jua lina sauti gani, wifi?"

"Sauti ya redio. Sikio lako halisikii, dishi linasikia. Cheka umalize, nikueleze."

Nikamaliza, akanieleza, na tangu siku hiyo nawaeleza wengine. Jua linalotuunguza utosi huonekana lilelile kila siku, lakini lina vipindi vyake vya kuchangamka na vya kutulia. Likichangamka, ile hewa nyembamba ya juu kabisa, zinakopita satelaiti, huvimba kama maziwa yanayotaka kufura jikoni. Satelaiti zinakutana na hewa nzito kuliko ilivyozoeleka, mwendo unapungua, zinashuka kidogo kidogo. Wenye satelaiti wanataka kujua mapema. Kupima hewa ile moja kwa moja ni shida, basi wanapima sauti ya jua, na sauti ikipanda wanajua hewa nayo imevimba.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba viwili na uwanja wa nyasi uliozungushiwa waya. Katikati lilisimama dishi lenye upana wa kitanda cha watu wawili, na mbele yake, juu ya miguu mitatu ya chuma, kitu kama faneli kilichozibwa kwa plastiki. Hicho waliita mdomo. Kila adhuhuri wifi aliligeuza dishi kwenye jua, akapima, kisha akaligeuza kwenye anga tupu, akapima tena, akatoa cha pili kwenye cha kwanza; kilichobaki ndicho cha jua. Jua la mvua na jua la kiangazi kwake yalikuwa mamoja, maana sauti ile hupita mawinguni. Aliyemtangulia alifanya hivyohivyo, na wa kabla yake pia.

Halafu ikaletwa mashine mpya. Ilikaa kwenye kijumba cheupe pembeni, ikalifuata jua yenyewe, ikapima yenyewe. Wifi aliiita Bwana Mdogo, na hakulitamka jina hilo kwa mapenzi. Mkuu wa kituo akataka kulizima dishi la zamani siku hiyohiyo.

"Mkuu, mwenye duka akibadilisha kibaba, hupima kwanza kwa vyote viwili," wifi akamwambia. "Asipofanya hivyo, atajuaje kama unga wa jana na wa leo ni sawa? Uzi huu wa vipimo niliukuta mzima. Nataka niuache mzima."

Mkuu akakubali viende pamoja mpaka mvua ziishe. Ndipo wakubwa wangekuja kuona kama vipimo vya zamani vimeungana na vipya, au vya miaka yote vitabaki peke yake kama mkia wa mjusi uliokatika.

Sasa mume wangu. Mume wangu ni fundi rangi, mwema kupita kiasi, na wema wake haungoji kuulizwa. Mvua zilipoisha akapewa kazi ya kupaka geti la kituo rangi ya fedha, kwa ajili ya ugeni wa wakubwa. Rangi ikabaki. Wifi alikwisha kupima na kwenda zake. Kaka mtu akalitazama dishi, limepauka kama sufuria la jeshi, akaona haya kwa niaba ya ukoo. Akalipaka lote, likang'aa kama kioo.

Kesho yake nilikuwa nimepeleka chakula, nikamkuta wifi amesimama mbele ya dishi, mkono shavuni.

"Kaka yako huyo," nikasema. "Mgombeze."

"Nimgombeze nini? Rangi haizuii sauti." Akatabasamu. "Limependeza, jamani."

Ilipofika adhuhuri, mkuu na wakubwa wakiwa nyuma yake, akaligeuza dishi kwenye jua. Nikasikia harufu ya plastiki. Mdomo ukaanza kutoa moshi, kifuniko kikajikunja, kikadondoka matone. Wifi akakimbilia usukani akaligeuza dishi pembeni, lakini kipimo cha siku ile kilikuwa kimekwisha kupotea. Akakaa chini kwenye nyasi, na gauni lake la ugeni.

"Uzi umekatika," akasema. "Mikononi mwangu."

Mume wangu, aliyekuja kuchukua vifaa vyake, kopo mkononi, akauliza, "Mimi nimefanya nini?"

"Umetengeneza jiko, fundi," mkuu akasema, akijizuia kucheka. "Lile halikupauka kwa umaskini. Lilipakwa rangi butu makusudi, ili joto la jua litawanyike, sauti peke yake ndiyo ikusanyike mdomoni."

"Nilijua hilo," wifi akasema polepole. "Nilijua, nikatazama urembo."

"Basi kama rangi haizuii sauti, na chokaa je?" mume wangu akauliza. "Chokaa haing'ai."

Wakatazamana. Chokaa ilikuwepo.

Mkubwa mmoja, mama mnene mwenye miwani, akamnyanyua wifi. "Dada, nyinyi mlikuwa na wapimaji wawili. Wa pili amesema nini?"

Wifi akasimama mlangoni mwa kijumba cheupe kama mtu anayebisha hodi kwa hasimu wake. Bwana Mdogo alikuwa amepima adhuhuri ile kama kawaida, hana habari na moshi. Na tofauti kati yake na dishi la zamani waliijua tayari, kwa kuwa msimu wote wa mvua vilipima pamoja. Wifi akaijumlisha tofauti hiyo na kipimo cha Bwana Mdogo, akapata kipimo cha siku, akawasomea wakubwa kwa sauti. Mkubwa mwenye miwani akaitikia kwa kichwa: uzi haukukatika. Mdomo wa akiba nao ungefungwa mahali pa ule ulioungua, kisha dishi lisawazishwe kwa vipimo vya Bwana Mdogo.

Jioni, mume wangu akipaka chokaa juu ya fedha, wifi alikuwa hapohapo akimwelekeza: "Kaka, umeacha pale kushoto. Hapana, kushoto kwangu." Kisha akachukua kitambaa kibichi, akaenda kufuta vumbi kwenye mlango wa kijumba cheupe.