Baridi Iliyoingia kwa Pumzi

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa wazamiaji alinigusa kifua kwa kidole. "Huko chini baridi haiji kwa ngozi peke yake," alisema. "Utaivuta." Mimi nilizaliwa Kimilili, nikachomelea vyuma Bungoma kabla ya kusomea uzamiaji. Nilidhani ananitisha tu.

Tulitengeneza mabomba ya mafuta chini ya bahari za ng'ambo. Tulishushwa wawili ndani ya chumba cha chuma tulichokiita kengele. Mmoja alitoka kufanya kazi, mwingine akabaki akilinda mipira ya mwenzake ya gesi na maji moto. Suti zilipashwa kwa maji moto kutoka melini. Tulivuta heliamu iliyochanganywa na oksijeni. Kwenye kina kile gesi huwa nzito, na ikiingia baridi hunyakua joto la mapafuni kila unapovuta. Ndiyo maana kila mzamiaji alikuwa na kipasha gesi, kilichotumia maji yale yale.

Mwenzangu alikuwa Kamau, kijana wa Kibomet, Kitale. Siku moja yeye alikuwa nje, mimi ndani, nikimsikiliza kwa simu.

"Nimemaliza boliti ya tano," akasema. Baada ya muda akarudia, "Nimemaliza ya tano." Pumzi yake ilikuwa fupi, imejaa makohozi.

"Kamau, unasikia baridi?"

"Hapana bana. Suti iko moto."

Jibu hilo ndilo lililonitia hofu: baridi inayovutwa haisikiki ngozini.

Msimamizi akaingilia kutoka juu. "Maji moto yako sawa. Amalize."

"Mkuu, namrudisha."

"Sijakuamuru."

"Najua."

Nikaivuta mipira yake, naye akinitukana njia nzima. Alipoingia hakuweza kufungua kofia yake. Suti ilikuwa moto mkononi mwangu, lakini yeye alitetemeka hadi meno yakagongana. Kipasha gesi chake kilikuwa kimeziba. Nilimfunga blanketi, nikamkumbatia mpaka tukapandishwa.

Daktari alimkataza kuzamia tena. Mimi nilisimamishwa kazi kwa muda. Kamau alirudi Kitale bila kuniaga, na sikumlaumu. Nilikuwa nimemtoa kwenye kazi aliyoipenda.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza niliona samaki gani. Sikuona wengi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza mtu akipumua.

Mwaka jana Kamau aliniita kwa harusi ya bintiye. Alishika kipaza sauti, akaninyooshea kidole.

"Huyu mzee nilimkasirikia miaka mingi," akasema. "Alinivuta nikimtukana. Na huyu msichana alikuwa hajazaliwa."

Kisha akaniwekea kiti karibu na bibi harusi.