Shamba Lililopumzika Halijaachwa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, kaptula imepigwa pasi, viatu vya ngozi miguuni, kofia ya serikali kichwani, mkalimani wa biro ya teritware, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, hapa Uvira. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakipima bonde la Ruzizi kwa kamba ili wagawe vipande vya kulima pamba. Nakupa habari hii kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mdogo wako kwamba neno lolote linafaa, mradi mtu aelewe. Nilikasirika. Kaa hapo unisikilize.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Muzungu wetu, mkubwa wa biro, alijua Kiswahili, tena kile cha kuamrisha, lakini Kifuliiru hakukijua hata kidogo. Na wazee wengi wa Sange na Luvungi hawakuwa na Kiswahili. Basi mzee akisema kwa lugha ya kwetu, mimi nasema kwa Kiswahili, na muzungu anaandika Kifaransa chake katika kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Likishaandikwa mle, limekwisha. Mimi nilijisifu sana kwa kufupisha. Mzee akizunguka na maneno yake robo saa nzima, mimi nayamaliza kwa maneno matano, na muzungu anatabasamu. Nilidhani huo ndio ufundi wenyewe.

Siku hiyo meza iliwekwa uwanjani kule Sange, ambako ndiko kwetu, na watu wakaitwa mmoja mmoja kueleza mashamba yao. Amri ilikuwa fupi: shamba linalolimwa linabaki kwa mwenyewe, shamba lililoachwa linakuwa la serikali na litatiwa pamba. Zamu ikamfikia Mama Nabintu, mjane, jirani ya mama yangu. Alikuwa amelea watoto wanne kwa shamba moja tu la mihogo na maharagwe, na hakuwa na lingine. Muzungu akamuuliza kwa nini shamba lake lina majani matupu.

Sasa sikiliza, kwa maana ninyi wa mjini hamjui tena mambo haya. Kwetu udongo ukichoka tulikuwa tunaupumzisha. Unalima misimu kadhaa, kisha jembe haliingii mle misimu miwili au mitatu, majani yanaota, mbuzi wanapita, udongo unarudisha nguvu. Lakini mwenyewe hakai tu. Kila msimu anapalilia miti ya mpaka, ili mpita njia aone kwamba shamba lina mtu. Ukipanda mle bila kumwomba, chifu anakutoza mbuzi. Mama Nabintu alilitaja neno la kwetu la jambo hilo, neno lile lile tunalolisema juu ya mama aliyejifungua, anayekaa ndani bila kutumwa maji wala kuni.

Mimi nikamgeukia muzungu nikasema, "Ameliacha, Bwana."

Usidhani nilikuwa na hila. Hapana. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wengi, tumbo lilinidai chakula, na mimi nikaona kuacha na kupumzisha ni yale yale, maana kote kuwili hakuna anayelima. Muzungu akaandika. Kapita wake, msimamizi wa mashamba, mtu wa Nyakabere, akatumwa pale pale kuchomeka kijiti chenye kitambaa chekundu katikati ya shamba. Mimi nikaita jina linalofuata.

Jua lilikuwa halijatua Mama Nabintu alipofika nyumbani kwetu. Alikuwa amekikuta kile kijiti, na kapita alimweleza maana yake. Hakuketi kwenye kiti alichopewa.

"Weye mutoto," akaniambia, "miye nilisema nini pale mezani?"

Nikalirudia neno lake.

"Na weye ulimwambia muzungu nini?"

Nikamwambia. Tena, mwanangu, kwa kiburi cha kaptula yangu nikaongeza kwamba ni sawasawa, tofauti yenyewe ni ndogo tu.

Alinitazama hata nikaangalia chini. "Marehemu mume wangu," akasema, "alikwenda kwenye migodi ya Kamituga, akakaa miaka miwili. Wanaume wakaanza kupita mlangoni kwangu. Niliwaambia mume wangu hajaniacha, amesafiri. Wote waliona kitanda kimoja kisicho na mtu, lakini waliondoka. Ningewaambia neno lako, leo watoto wangu wangekuwa wa nani? Sikuja kulia hapa. Kesho utarudi pale mezani na utanirudishia neno langu. Lilikuwa langu, halikuwa lako."

Akaondoka. Mama yangu akanisihi ninyamaze, watanipiga fimbo, watanifukuza, na nani atalisha nyumba hii.  Niliogopa, nakuambia kweli. Lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko woga. Mwanamke asiyejua kusoma amenifundisha kazi niliyosomea kwa mapadre miaka sita.

Asubuhi, kabla jina la kwanza halijaitwa, nikavua kofia nikasimama mbele ya meza badala ya kusimama pembeni yake. Nikasema, "Bwana, jana nilikosea. Mama Nabintu hakuliacha shamba. Amelipumzisha."

Muzungu hakuinua hata kichwa. "Ni jambo moja. Shamba halilimwi."

"Hapana, Bwana. Si jambo moja. Aliyeacha hatarudi. Aliyepumzisha anaujua mwezi atakaorudi na jembe."

Hapo akainua kichwa. Akaniuliza kama si mimi mwenyewe niliyesema ameliacha. Nikamjibu ndiyo, ni mimi, na kosa ni langu, si la mama huyu. Akaniambia kwa sauti ya chini, karibu kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hasira, "Iko kazi mingi leo. Sema maneno yote mbili iko sawa, rudi pahali yako, na mambo imekwisha."

Ingekuwa rahisi, mwanangu. Neno moja tu, sawa, na kofia inarudi kichwani. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, na Mama Nabintu amesimama mbele kabisa, mikono kifuani, hanisaidii hata kwa jicho.

Nikasema, "Bwana, mwaka jana ulikwenda kwenu Ulaya miezi sita. Nyumba yako ilifungwa, bustani ikaota majani mpaka dirishani, maana wewe na bibi yako mulikwenda wote. Kila siku nilipita hapo. Je, tulipaswa kuandika kwamba nyumba imeachwa, tumpe mtu mwingine?"

 Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, akafuatwa na wengine, na uso wa muzungu ukawa mwekundu kuliko kile kitambaa cha kapita. Nilijua hapo hapo kwamba kazi imekwenda. Na bado nilisimama, maana nikaona nikishapoteza kazi, afadhali neno lifike lote. Nikamwomba amwulize kapita miti ya mpaka ikoje. Yule kapita hakuwa ndugu yetu, na hakuwa na sababu ya kututetea. Akakohoa, akasema ameiona yote, chini yake ni safi, imepaliliwa majuzi, na nyayo za mama zipo.

Muzungu akakitazama kitabu. Sijui alifikiri nini. Akachukua kalamu, akalikata neno la jana, akaandika lingine juu yake, akamwambia kapita akang'oe kijiti. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nami nikaiweka ile kofia katika mkono wake. Sikupigwa. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, na Mama Nabintu akatembea nami mpaka njia panda. Hakunishukuru. Aliniambia tu kwamba mvua zikianza ananihitaji na jembe, maana msimu wa kupumzika ulikuwa unakwisha. Nikaenda. Maharagwe ya mwaka ule yalijaza vikapu mpaka tukaazima vingine kwa majirani, na wajukuu zake wanalima pale mpaka leo.

Kwa mama yangu ilikuwa shida nyingine. Aliona haya, basi akawa anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe ameacha kazi ya biro. Alifanya hivyo kwa kunipenda. Lakini Jumapili moja nilimkatiza mbele ya wenzake, na alinikasirikia juma zima. Niliwaambia, "Mama anasema nimeacha. Sikuacha. Nilifukuzwa." Nalisema neno hilo hata leo, na sioni aibu nalo, kwa sababu aliyeacha ni mtu aliyechoka akajiondoa, na mimi sikuwa nimechoka. Nilifukuzwa kwa kulirudisha neno la mama mjane mahali pake. Ukilainisha hapo, umeninyang'anya siku iliyo bora katika maisha yangu.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Usikubali mtu akuambie maneno mawili ni sawa kwa kuwa yeye hapotezi kitu. Kwanza uliza nani atapoteza. Ukimsemea mwenzako, mpe neno lake kama alivyolitoa, hata kama ni refu, hata kama anayesubiri ana haraka. Ukikosea, na utakosea kama mimi, rudi pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale waliosikia, useme nilikosea. Na ukijisemea mwenyewe, usitafute neno la kukupaka mafuta.

Mungu akupe ulimi mnyofu, mwanangu, na watoto watakaokusemea vizuri siku utakapokuwa huna sauti. Na siku watakapokuambia useme ni sawa, nawe unajua si sawa, akutie nguvu magotini usimame hivyo hivyo, kofia mkononi.