Ramadhani ya Ngao

Mwaka ule jeshi lilipotutunukia ngao kwa sababu hakuna aliyeumia kazini, hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeitaka ngao yenyewe. Tulichokitaka ni usingizi. Mpaka leo naukumbuka zaidi uchovu ule kuliko sherehe, na nikizisikia hotuba za kusifu wafanyakazi mwili wangu huanza kuuma wenyewe.

Nilikuwa fundi wa mahema. Kambi ilikuwa nje ya mji, na ndani yake palikuwa na karakana ndefu ya mabati tulimofanya kazi sisi raia: maseremala, wapaka rangi, mafundi wa magari, mhunzi mmoja, na mimi na mwenzangu tuliokuwa tukishona mahema na maturubali ya malori. Kushona turubali si kama kushona kanzu. Sindano yake nene, unaisukuma kwa kiganja kilichovishwa kipande cha ngozi, na ikifika alasiri bega linakueleza habari zake zote. Kila asubuhi nilitoka Mlandege kwa baiskeli, ami yangu nimempakia nyuma, na njia nzima akinambia nnaendesha vibaya.

Huyo ami ndiye aliyekuwa mhunzi. Alikuwa mdogo wake marehemu baba, na ndiye aliyenitia kazini, jambo ambalo hakuchoka kunikumbusha. Alikuwa mtu wa maneno na wa kujipenda. Masharubu yake aliyapaka mafuta ya nazi hata siku ya kushinda mbele ya moto. Alikuja mjini kutoka Makunduchi angali kijana, na mpaka uzeeni akikasirika kwelikweli hukirudia kikwao, na hapo tulijua mzaha umekwisha.

Karakana ile zamani ilikuwa ikila watu. Fundi mmoja aliangukiwa na ekseli ya lori, vidole vya mguu vikasagika. Mwengine cheche ilimrukia jichoni, akabaki na jicho moja. Siku hizo mtu akiumia tulisema kudra ya Mungu, tukamwombea dua, na kesho yake yakafanyika yale yale yaliyomuumiza. Kisha akaletwa sajini wa Kizungu, mwembamba, mwekundu kwa jua, ambaye habari ya kudra hakutaka kuisikia. Akaleta miwani ya kufanyia kazi kwenye moto, viatu vizito vilivyotuchubua visigino, ndoo za mchanga kila nguzo, na mstari mweupe uliozunguka fuawe la ami ili mtu asisogee nyundo inapopanda. Tulimcheka, ami akiwa wa kwanza. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Mwaka ukapita, hakuna aliyelazwa, hakuna aliyefungwa bendeji. Sikuipenda sauti ya mtu yule, wala tabia yake ya kusimama nyuma ya mgongo wa mtu anayefanya kazi, lakini haki yake nampa. Tulirudi majumbani na viungo vyetu vyote.

Habari ya ngao ilikuja Ramadhani imeshaanza. Sajini alitukusanya akatwambia, kwa Kiswahili chake cha kambini, kwamba mkubwa mmoja atakuja kwa ndege kutoka bara kutukabidhi, kwani katika karakana zote za jeshi za upande huu yetu ndiyo iliyopita mwaka mzima bila ya ajali. Tukapiga makofi kwa adabu. Akaendelea kusema kwamba karakana itakayopata ngao itafungwa sikukuu nzima, siku zote nne, na hapo makofi yakawa ya kweli. Miaka yote tulipewa Idi mosi tu. Tulisali, tukala, na alfajiri ya pili tukarudi kwenye mabati, huku mji mzima uko viwanjani na watoto wetu wanatuuliza kwa nini baba zao hawana sikukuu. Siku nne! Mwenzangu wa mahema alisema yeye hatakwenda kiwanjani wala kwa wakwe, atajifungia chumbani alale mpaka mkewe adhani amekufa.

Ila palikuwa na sharti, au sisi tuliamini lipo. Sajini alisema mpaka ngao ikabidhiwe, anayejisikia vibaya asijikaze, aende kwa dresa wa kambi aandikwe mgonjwa. Alilisema kwa wema, naapa. Sisi tulilisikia vingine. Tulijua jeshi: likikuandika, limekuandika. Tukakubaliana wenyewe kwa wenyewe, bila ya mtu kwenda kuuliza, kwamba jina moja tu likifika kwa dresa ngao imekwenda na sikukuu imekwenda. Watu wazima, wenye ndevu zetu, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza swali moja.

Yakaanza mazoezi. Kwa kawaida Ramadhani tulifunguliwa saa saba mchana, mtu akawahi kulala kidogo kabla ya alasiri. Sasa saa saba tulipangwa uwanjani mbele ya karakana, na pale tukasimama. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, mvua za masika hazijaanza, na changarawe za uwanja zilichoma mpaka ndani ya viatu. Kusimama, kugeuka, kusimama tena. Sajini alitaka baina ya mtu na mtu uwepo urefu wa mkono. Kinywa kimekauka, kichwa kinalia, na mbele yako Mzungu anakufundisha namna ya kusimama kwa ajili ya kusifiwa kwamba unajua kujitunza. Nilikuwa nikimtazama nikiona hasira inanipanda, kisha nikichoka hata kukasirika.

Ami ndiye aliyechaguliwa kuipokea ngao, kwa kuwa ni mkubwa wetu kwa umri na kazi yake ndiyo ya hatari kuliko zote. Alifurahi waziwazi. Alimwagiza mkewe amtolee kofia ya kiua aliyoiweka kwa ajili ya Idi. Lakini tangu mazoezi yaanze hakuwa sawa. Jioni moja nilifuturu kwake nikamwona ameacha uji, amejishika kisogo, na kikombe cha kahawa kimemponyoka kikamwagika mkekani. Alicheka, akamsingizia paka. Mkewe hakucheka.

"Mwanangu, sema naye wewe," aliniambia pale mlangoni. "Mimi hansikii. Usiku hulalamika kichwa, mkono unakufa ganzi, na daku hali."

Asubuhi yake nikamwambia ami njiani. Nilisimamisha baiskeli kabisa ili asipate kusingizia upepo.

"Ami, wewe mgonjwa. Mungu mwenyewe kakupa ruhusa ya kula. Kula, na uwanjani usisimame. Ngao atapokea mwengine."

"Nani? Wewe? Shati lenyewe hujui kuchomekea."

"Nnasema kweli, ami."

"Na mimi nnasema kweli. Nikenda kwa dresa, wanaume wote wale watoto wao wakose sikukuu kwa kichwa changu? Nitapita wapi mimi Darajani? Maji tushayavulia nguo, hatuna budi kuyaoga. Panda, twende."

Nikamjibu kwamba watoto wataishi bila ya siku tatu, na yeye akanijibu kwa kikwao. Basi nikapanda, tukaenda.

Siku ile mazoezini alianza kuyumba. Mimi nilikuwa kulia kwake na seremala mmoja kushoto. Seremala akasogea, na mimi nikasogea, bega kwa bega na mguu kwa mguu, kama tunavyojipanga kwenye sala pasipite shetani katikati. Waliotufuata nao wakajibana, na ami akasimama katikati yetu kama kigingi kilichokazwa. Sajini akaja mbio akipiga kelele kwamba tuachane, urefu wa mkono, urefu wa mkono! Tukaachana. Akigeuka tu, tunarudi. Mwisho alitupa mikono hewani, nadhani alijisemea kwamba watu hawa ndivyo walivyo. Na ndivyo tulivyo. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba safu nzuri haina pengo, na kwamba mwenzako akilegea unamshika asianguke. Hakuna aliyetufundisha kwamba mara nyengine mtu unapaswa kumwacha alale chini.

Siku yenyewe mkubwa alikuja na suruali fupi iliyopigwa pasi ikasimama. Mkalimani alikuwa karani wa kambi. Hotuba ilikuwa ndefu. Alitusifia miwani, akatusifia viatu, akasifu hata ndoo za mchanga. Akasema sisi tumethibitisha kwamba ajali haiandikwi na Mungu, inasababishwa na uzembe. Karani, mtoto wa madrasa, alisita, kisha akatafsiri kwamba mkubwa anasema tumejitahidi na Mungu katusaidia. Mtu nyuma yangu alinong'ona "alhamdulillahi" na mwengine akachekea puani.

Mimi sikucheka kwa sababu bega langu lilikuwa linaelemewa. Ami alikuwa ameniegemea taratibu, mpaka uzito wake wote ukawa kwangu na kwa seremala. Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Sharubu moja lilikuwa limeshuka kuliko jengine, na mate yanamtiririka kidevuni, yeye ambaye funga nzima hamezi hata mate yake bila ya kufikiri.

"Ami," nikamwita kwa sauti ya chini. "Ami, tukuketishe?"

Alijaribu kusema. Nilichokishika ni neno moja tu, "nishike". Basi nikamshika. Nilikuwa naogopa, nataka kupiga ukelele, na hapohapo nasikia pumzi za wanaume wote wale, kila mmoja anajua na kila mmoja anaomba hotuba imalizike. Ikamalizika. Karani akaita cheo cha ami, fundi mhunzi, aje apokee.

Hakwenda. Seremala akanitazama, nami nikamtazama, na tukatoka naye safuni, kila mmoja amemshika kwapa, ncha za viatu vyake vizito zikichora changarawe. Mkubwa alitabasamu. Baadaye karani alituhadithia kwamba mkubwa huyo alimwambia sajini amependezwa mno na heshima tunayowapa wazee wetu. Mkubwa akamtilia ami ngao mikononi. Mkono wa kushoto uliishika, wa kulia haukuishika, na ngao ikaanza kuteleza. Niliidaka mimi kabla haijafika chini, na watu wakapiga makofi. Picha ilipigwa pale pale. Kwenye picha hiyo ami ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeona haya kwa kusifiwa.

Dresa alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwetu wakati wote huo, na sanduku lake la dawa. Yeye ndiye aliyeutambua ule mdomo uliopinda. Alitusukuma, akamlaza ami kivulini, akamfungua kifungo cha shingo, akaita gari. Lori lililompeleka hospitali lilifunikwa turubali nililolishona mimi mwenyewe, na njiani nilikuwa nikiitazama mishono nisimtazame usoni.

Daktari alisema ni kupooza, upande wa kulia. Hakusema kama angelazwa mapema ingekuwaje, na sisi hatukumuuliza. Kuuliza maswali hakukuwa ustadi wetu.

Jioni sajini alikuja hospitali, kofia mkononi. Alikaa kwenye benchi na sisi, harufu ya futari ya wagonjwa inapita mbele yetu. Mwisho alituuliza kwa nini hatukumwambia. Seremala akamweleza habari ya dresa, ya jina kuandikwa, ya ngao na siku nne za sikukuu. Sajini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pole pole kwamba ugonjwa haukuwa ukihesabiwa. Kilichohesabiwa ni ajali za ndani ya karakana tu. Hata leo, alisema, mzee amepatwa uwanjani, si karakanani, na ngao ni yenu. Niliona kwamba anatupa habari hiyo kutuliwaza. Wallahi kama ningekuwa na nguvu ningempiga, na baada yake ningewapiga wenzangu wote, kisha nijipige mimi. Sikuwa na nguvu. Nilifungulia tende moja na maji ya bomba.

Karakana ikafungwa siku nne kama tulivyoahidiwa. Usiku wa kuamkia mosi sikulala, na nimesikia kwa wenzangu kwamba wengi hawakulala. Baada ya sala tulikwenda wote kwa ami, mafundi karakana nzima, na nguo zetu mpya zinazonuka duka. Walikuwa wamemrudisha nyumbani, ameketishwa kitandani kwa mito, kofia ya kiua kichwani, masharubu yamepakwa mafuta na mkewe, hayakulingana. Kila mtu aliingia akasema "Shikamoo", na yeye akaitikia "Marahaba" iliyonyongeka. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Idi gani hiyo, watu wanaingia na kutoka bila ya kupeana mkono?

Nilikuwa wa mwisho, kwa kuwa ni wa nyumbani. Nilisimama pale na mkono wangu sijui niuweke wapi. Ami alinitazama, akanuna kama anavyonuna nikipita baiskeli kwenye shimo. Akaukamata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaunyanyua kutoka kwenye shuka, akauleta mpaka mbele yangu.

"Haya, chukua basi," alisema kwa mdomo uliokwenda upande. "Nshachoka kuushika."