Dakika Tisa Hadi Hospitali

Pale idara ya barabara walimwita Mguu Upepo, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mrefu, mkavu, akitembea wenzake humfuata mbiombio. Mji ulipoamua kusimamisha vibao vya kuwaonyesha watu njia, ili waache magari watembee, kazi ya kupima akapewa yeye. Vibao viliandikwa dakika, si mita, kwa sababu mita huwatisha watu. Basi miezi minne alizunguka na saa mkononi: sokoni hadi maktaba, dakika sita, kituo cha basi hadi hospitali kuu, dakika tisa. Ofisi nzima hakuna aliyeuliza dakika hizo ni za miguu ya nani. Naye, kichwa kimemvimba kwa sifa, hakujiuliza.

Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, na kila Jumatatu alikwenda kliniki. Zamani alipanda teksi kutoka kituoni. Vibao viliposimama alisema, teksi ya nini, na kazi ya mwanangu iko pale inanionyesha njia?

Wiki ya tatu Mguu Upepo alimkuta amekaa kitandani, mnyonge.

"Mwanangu, nimekwisha," alisema. "Kibao kinasema dakika tisa. Mimi natumia ishirini na sita."

"Mama, kibao ndicho kibovu. Nilipima kwa miguu yangu."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Nilikosea kweli."

"Ofisi nzima ya watu wazima mkosee, asione hata mmoja? Acha, baba. Miguu yangu naijua."

Mguu Upepo akaenda kwa mkuu wa idara. Mkuu alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomchosha. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwagizia chai, kisha akamweleza kwamba kamati imeshavipokea vibao vyote mia tatu, na havitaguswa mpaka mpango wa miaka mitano ijayo. "Halafu watu wanavipenda," alisema.

Mguu Upepo akaamua liwalo na liwe. Alfajiri alibandika karatasi juu ya ile tisa, akaandika ishirini na sita. Kufika saa nne wasafishaji wa idara yake mwenyewe walikuwa wameshaibandua na kukisugua kibao kikang'aa. Ni watu wanaojua kazi yao.

Jumatatu ikafika, akaomba ruhusa amsindikize mama. Waliposhuka kituoni, mama aliinama akakaza kamba za viatu.

"Nimekuwa nikifanya mazoezi," alisema. "Kila asubuhi, ukishaenda kazini."

"Daktari amekukataza kukimbizana."

"Daktari haendi kwa miguu."

Akaondoka. Mguu Upepo alimshika mkono, mama akauchomoa. Alimsihi, akatembea makusudi kama kobe ili amrudishe nyuma, lakini mama hakugeuka. Maisha yake yote Mguu Upepo hakuwahi kuachwa njiani na mtu, na siku ile alitamani aachwe na yeyote isipokuwa huyu. Aliona mgongo wa mama unavyopanda na kushuka, akaharakisha amfikie.

Penye lango la hospitali mama aliegemea ukuta. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, na sauti haitoki. Mguu Upepo alimwita muuguzi aje na kiti cha magurudumu. Mama akamkamata kifundo cha mkono, akaigeuza saa ya mwanawe imwelekee, akaisoma.

"Kumi na saba," alisema pumzi ziliporudi, na uso wake wote ulikuwa na furaha. "Zimebaki nane tu, baba."