Nusu ya Kibuyu cha Shangazi Filda

Asiku, mfanyabiashara wa maharage, alimkuta Poni kwenye lango la chuo mjini Arua, akamkabidhi nusu ya kibuyu iliyofungwa kwa kitambaa kikuukuu.

"Dada, mutu moja ya Lobule alinipa hii sokoni Koboko. Alisema iko yako."

"Shangazi yangu iko aje?"

"Mimi sijui. Mutu alinipa tu, akaenda."

Shangazi Filda, aliyemlea Poni katika kambi ya wakimbizi ya Lobule, karibu na Koboko, tangu walipokimbia vita Sudan Kusini, alilazwa wiki iliyopita, na simu yake haikupatikana tena. Na huyu Filda, jamani, hata alipokuwa mzima hakuamini simu. Husema zina masikio mengi. Poni alipokwenda Arua kusomea fizikia, shangazi alikata kibuyu kwa ukingo wa mawimbimawimbi, akampa nusu yenye picha nne zilizochomwa ukingoni, kila moja na ujumbe wake: jiko, jembe, njia na msalaba, huu wa mwisho ukiwa wa msiba. Akiwa na habari, hutia doa moja la masizi kwenye nusu yake na kuituma. Mbebaji huona doa tu. Ni mpaka nusu zikutane ndipo ijulikane doa limegusa picha gani.

Nusu ya Poni ilikuwa chumbani kwake, ng'ambo ya mji, na watahini wa mtihani wake wa mdomo walikuwa tayari wanamwita. Kukosa siku hiyo ni kurudia mwaka. Akaingia na kibuyu kwapani, roho juu juu.

Mwanzoni alieleza vizuri. Chembe mbili za nuru zilizofungamana hugawanywa, moja Arua, moja Koboko. Wa Koboko huigeuza yake kwa njia mojawapo kati ya nne, kisha huituma Arua. Wa Arua akizipima zote mbili pamoja hupata biti mbili za habari, yaani jibu moja kati ya manne, ingawa ametumiwa chembe moja tu. Hapo Daktari Severino, mtahini asiyejua kucheka, akainua kalamu.

"Chembe moja peke yake haifikishi zaidi ya biti moja. Ya pili imetoka wapi?"

Hesabu zote alikuwa amezikariri, lakini akili ilikuwa Lobule. Akakitazama kibuyu.

"Imewezekana kwa sababu ya ile chembe iliyotangulia," akasema polepole. "Ilipofika Arua haikubeba habari yoyote, kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Ilileta undugu tu. Leo undugu huo ndio unaotumika, na ukishatumika umekwisha. Itabidi mgawane jozi nyingine."

"Kama kibuyu chako hicho?"

"Hapana, Daktari. Kibuyu hiki doa lake naliona. Chembe ile ukiipima njiani peke yake haikuambii lolote, na undugu unauvunja."

Severino akacheka. Wenzake waligeuka kumtazama. Poni alikuwa amefaulu.

Hakungoja pongezi. Alipanda boda mpaka chumbani, akaitoa nusu yake chini ya kitanda, akaizungusha juu ya mwenzake hadi mawimbi yakaingiana.

Doa lilikaa kwenye jiko. Nimepona, njoo tule.

Alilia kwa shukrani, bila aibu. Akiba haiozi, wahenga walisema. Siku Filda alipokikata kibuyu hakuwa na habari ya kutuma, alikuwa na mtoto wa kuaga tu. Poni akazifunga nusu zote mbili kwenye kile kitambaa, akaenda kutafuta gari la Koboko.