Neno la Mwaka Uliopita

Bi Recheli hakuvaa ndala ya pili kabla hajapewa Neno. Kila asubuhi, tangu alipopata kipaimara akiwa msichana, alisimama mlangoni mwa nyumba yao ya Itetemia, ndala moja mguuni na nyingine kwapani, akafungua Kalenda, kile kijitabu cha Wamoravian ambamo kila tarehe ina mstari wake wa Biblia, uliochaguliwa kwa kura. Akishasoma alinyamaza, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni. Ndipo alipoamua: shambani, sokoni, au asitoke kabisa.

"Mama, vaa zote mbili, siafu watakuuma," Levina, mke wa mwanawe, alimwambia mwaka ule alipoolewa.

"Na nikiambiwa nisitoke? Nianze tena kazi ya kuvua?"

Levina alicheka. Yeye alitoka Tura, kwa Wakatoliki, ambako watu walisali rozari kisha wakaenda walikokuwa wakienda. Miaka ile ya mwanzo alimwonea wivu mama mkwe, aliyemuuliza Mungu njia kama mtu anavyomuuliza jirani.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilikata Januari na mahindi yakakaukia magotini. Festo, mwana pekee wa Bi Recheli, akasema anakwenda machimboni, huko magharibi. Lori lilikuwa linaondoka asubuhi ile ile. Mama akashika ndala yake, akasimama mlangoni. Kalenda mpya zilikuwa hazijafika kanisani, akafungua ya mwaka uliopita.

"Hiyo si imekwisha, mama?" Levina aliuliza.

"Mungu hana mwaka."

Neno la tarehe ile lilihusu Bwana amlindaye mtu atokapo na arudipo. Uso wa mama ukakunjuka. Akavaa ndala ya pili, akamsindikiza mwanawe hadi barabarani, kwenye njia ile ya misafara ya zamani, ambayo imezoea kuchukua watu na haijazoea kutoa maelezo.

Jumapili iliyofuata Kalenda mpya zikafika. Bi Recheli alitafuta tarehe aliyoondoka Festo kabla hata hajakaa kwenye benchi. Neno la siku ile lilikuwa la kutulia na kumngoja Bwana. Alilisoma kwa sauti, watu wakasikia, kisha akakifunga kijitabu na ibada nzima hakuimba.

Simu ya Festo iliita wiki chache, halafu haikuita tena. Waliotoka machimboni walileta habari zinazopingana: shimo limeanguka, la, amevuka ziwa, la, mtu huyo hatumjui. Tangu hapo Bi Recheli alilitii lile Neno alilolikosa. Alitulia, akangoja. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa yake, Levina naye alingoja. Mwaka wa kwanza alingoja kwa machozi, wa pili kwa hasira, na baadaye kwa mazoea tu. Hakuwa amezaa. Wajane walipokutana hakuitwa, na wenye waume walipokaa hakujua akae wapi.

Siku moja, mama akiwa kisimani, Levina alisimama mlangoni na ndala moja. "Bwana, mimi ni mke au ni mjane?" Alisikiliza sana. Alisikia kuku.

Zaidi ya miaka kumi ikapita hivyo. Ndipo Revocatus, seremala mgane, mtu wa Tura kama yeye, mwenye karakana yake Gongoni, alipomwambia kuwa angemwoa hata kesho, lakini mke wa mtu hamwoi. Shifaa, Mwislamu aliyeuza vitenge duka la pili, alikuwa akisikia kila kitu.

"Haya, Levina, ndiyo au siyo? Fundi wa watu anachonga kitanda kimoja mwezi mzima akikuwaza wewe."

"Mpaka mama aambiwe, dada."

"Mungu wenu anasema nanyi kila asubuhi, na bado hamjui la kufanya? Wetu kasema mara moja, tumeshika."

Walicheka wote, Levina zaidi ya wote, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mchungaji Jilala ndiye aliyeleta shauri. Alfajiri ya Pasaka Wamoravian huenda makaburini na matarumbeta, kulaki jua pamoja na wafu wao, kila familia ikisimama penye makaburi yake. Festo awekewe msalaba kando ya baba yake, aombewe, na Levina awe huru. Wazee wa ukoo wakakubali. Bi Recheli hakukubali wala hakukataa. Alisema ataambiwa siku yenyewe. Msalaba akauchonga Revocatus, kwa mninga, kwa mikono iliyokuwa na haraka.

Asubuhi ile makaburi yalikuwa meupe kwa chokaa mpya. Levina alisimama nyuma ya mama. Mchungaji akainua msalaba. Bi Recheli, ndala moja mguuni, akafungua Kalenda, akasoma kwa mwanga wa simu ya mtu, akainamisha kichwa. Hata wapiga tarumbeta walimngoja.

"Limesema nini, mama?" mchungaji aliuliza taratibu.

"Limesema kaburi li tupu." Akatazama ule udongo usiochimbwa. "La Festo ni tupu tayari, mchungaji. Msalaba utamwekea nani?"

Siku ya Pasaka hilo halipingiki, na mchungaji akaushusha msalaba. Msalaba ulirudi nyumbani begani mwa Levina, ukaegemezwa nyuma ya mlango. Kabla ya mavuno Revocatus alifunga karakana, akarudi Tura, akaoa huko. Shifaa ndiye aliyemletea Levina habari, na siku hiyo hakutania.

Mwaka uliofuata Bi Recheli akashindwa kusimama. Kila asubuhi alimtaka Levina amvishe ndala moja pale pale kitandani, ya pili amwekee kifuani, kisha amsomee. Levina alisoma. Aliitazama tarehe mara mbili, na mwaka wake pia. Maneno yalikuwa mazuri yote: ya nuru, ya mavuno, ya maji jangwani. Hakuna lililomtaja Festo, wala yeye.

Asubuhi ya mwisho ya mama, Levina hakufungua Kalenda. Aliushika ule mguu wenye ndala, uliokuwa umeanza kupoa.

"Mama, nami nimechoka. Niambie wewe tu. Nikae au niondoke?"

Bi Recheli aliinamisha kichwa juu ya mto, kama kawaida yake, akasikiliza.

"Sijaambiwa, mwanangu," alisema. "Ngoja kidogo."