Bibi Katika Picha ya Masanja

Nilipokuwa mtoto pale Ngokolo, mjini Shinyanga, niliamini, kama walivyoamini watoto wote wa mtaa wetu, kwamba kamera huona kitu ambacho macho hayaoni. Mchawi, tuliambiwa, anaweza kupita sokoni mchana kweupe asijulikane, lakini akipita mbele ya kamera amekwisha. Nyumbani kwetu imani hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, maana Baba alikuwa mpiga picha, na Bibi, mama yake mzazi, alikuwa na macho mekundu.

Mtu wa Usukumani hahitaji kuelezwa maana ya macho mekundu kwa mwanamke mzee. Wengine niwaambie tu kwamba wanawake wameuawa kwa ajili hiyo. Macho ya Bibi yaliharibiwa na moshi wa samadi kavu aliyopikia miaka yote, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Alikuja kukaa kwetu ili apate dawa hospitalini.

Wapiga picha wengine wa mjini walikuwa wameshahamia kwenye kamera ndogo za rangi. Baba alibaki na yake ya zamani, ile yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Aliining'iniza kifuani, akainamia kioo chake cha juu kama mtu anayechungulia kisimani. Mkanda wake ulikuwa mpana na ulitoa picha za mraba. Baada ya kila picha ilibidi azungushe kitufe kwa mkono mpaka namba inayofuata itokee kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Asipozungusha, kamera haimzuii. Inapiga picha ya pili juu ya ile ya kwanza.

Asubuhi moja Baba alimkalisha Bibi kwenye kiti uani, akampiga picha. Kabla hajazungusha kitufe, kukabishwa hodi. Alikuwa jirani yetu Baba Masanja, mchimbaji mdogo wa Bulyanhulu, pamoja na mkewe na mtoto wao Masanja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kutembea. Baba Masanja alikuwa na haraka ya kurudi machimboni na alitaka picha ya familia. Bibi aliinuka kuwapisha, wakasalimiana vizuri kabisa kwa Kisukuma, "Mwangaluka," "Mwangaluka, mayu," na Masanja akasimamishwa juu ya kiti kilekile, wazazi wake wakiwa huku na huku.

Baada ya kusafisha mkanda, Baba alikuwa na desturi ya kuchapa picha zote ndogondogo kwenye karatasi moja, ili achague zipi za kukuza. Siku aliyoianika karatasi ile kwenye kamba uani, alikwenda dukani kutafuta dawa ya kusafishia kabla hajaikagua. Mama Masanja akaja kuulizia picha zake. Mama alimwambia asubiri. Kwa kusubiri, akaisogelea kamba.

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilimwona akiinama, akanyooka, akainama tena. Kisha akavuta kanga yake kichwani na kutoka bila kuaga. Nilipokwenda kutazama, nilimwona Bibi katika picha yao, mwepesi kama moshi, amekaa pale aliposimama Masanja. Uso wake ulitokeza katikati ya kifua cha mtoto.

Kilichofanya jambo hilo liwe la hatari ni kwamba Masanja alikuwa na homa tangu jana yake.

Mchana huohuo walikuja. Baba Masanja alitangulia, na nyuma yake wanaume wa mtaa ambao siku zote walikuwa wakituitikia salamu. Mama alimfungia Bibi chumbani. Baba alisimama mlangoni.

"Baba Kabula, mtoe mama yako nje," alisema Baba Masanja, akimwita Baba kwa jina langu.

"Mama yangu anaumwa macho. Mtoto wako yuko wapi?"

"Yuko ndani anaungua. Usinigeuzie maneno."

"Nilikosea mimi," Baba alisema. "Sikuzungusha mkanda."

"Miaka yote hukukosea, ukaja kukosea kwa mwanangu?"

Baba hakuwa mtu wa kukiri kosa la kazi mbele ya watu. Nadhani aliona ameshalipoteza jina lake la ufundi na hakuna haja ya kuhesabu hasara nyingine. Alisema atarudia kosa lile mbele yao, waone wenyewe. Akatia mkanda mpya kwenye kamera, akaniita, akanikalisha kwenye kiti. Akanipiga picha. Kisha akainua kamera, akawaonyesha kitufe ambacho hajakigusa.

"Sasa akae mtu mwingine. Yeyote."

Hakuna aliyesogea. Kama kweli kamera ile inaonyesha kinachomla mtu, nani angekubali kuonyeshwa? Mmoja alisema hana muda. Mwingine alitazama viatu vyake. Baba Masanja mwenyewe, mtu aliyezoea kushuka kwenye shimo refu kwa kamba, alirudi nyuma.

Mama Masanja alikuwa amesimama langoni, nje kidogo ya kundi. Alipita katikati ya wanaume, akaniinua, akakaa. Baba akapiga.

Walidai mmoja wao aingie naye chumba cha giza, asije akafanya ujanja. Aliyeingia alitoka akiwa amelowa jasho, akaapa kwamba Baba hakufanya chochote ila kupapasa na kuviringisha mkanda ndani ya kopo jeusi. Mengine Baba aliyafanya uani, mbele ya wote: alimimina dawa, akalitikisa kopo, akamwaga, akamimina nyingine, akasuuza. Watu walionuia ubaya walikaa kimya kama wapo kliniki. Mwishowe alichomoa mkanda ukiwa unachuruzika maji, akaunyoosha kuelekea jua.

Sura zilikuwa zimegeuka, weupe kuwa weusi na weusi kuwa weupe, na hilo liliwatisha wengine upya. Lakini ilionekana wazi: mimi na Mama Masanja, kiti kimoja, uso wangu umekaa shingoni mwake.

Mzee mmoja akasema, "Kumbe kamera yako ndiyo inayologa."

Nilidhani Baba angebisha. Alisema, "Sawa. Ni kamera. Sasa mpelekeni mtoto hospitali."

Wakampeleka. Ilikuwa malaria, na Masanja akapona.

Jioni ile Bibi aliomba aonyeshwe karatasi. Aliisogeza karibu kabisa na macho yake, akaitazama kwa muda.

"Shija mwanangu, una hakika mimi sikwenda pale?"

"Hukwenda, Mama."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishana na mwanawe. Aliishi miaka mingi baadaye na akafa kwa ugonjwa, kitandani kwake, jambo ambalo kwa mwanamke mzee wa kwetu si dogo.

Leo ninaishi Geita na ninapiga picha. Kamera za kidijitali zinanilisha, ila picha zangu mwenyewe bado nazipiga kwa mkanda mpana, ninaouagiza kutoka Dar na kuusafisha bafuni. Mwaka jana nilimkuta Mama Masanja akiuza chakula karibu na maduka ya wanunuzi wa dhahabu. Nilimwamkia, nikajitambulisha, na tulipokwisha kuulizana habari za watu wetu nikamuuliza kama siku ile alimwamini Baba.

"Hapana," alisema, akiendelea kupakua wali. "Hata leo siielewi ile mashine."

"Sasa mbona ulikaa?"

"Walikuwa wakingoja baba yako akose mtu wa kukaa, ili waingie ndani. Niliona hivyo. Nikasema, bibi wa watu atauawa, halafu mwanangu bado ataungua."

Nimewasimulia wengi kisa hiki kama kisa cha baba aliyewaonyesha watu ukweli wakaacha ujinga. Siwezi tena kukisimulia hivyo. Waliuona ukweli ukichuruzika maji mbele yao na wakaupa jina jingine. Bibi alipona kwa sababu mwanamke mwenye mtoto mgonjwa, aliyeogopa kamera kuliko wote waliokuwepo, alikaa mbele yake.

Nilimwomba nimpige picha. Alikataa.